Premio ya 2003 imefika kilomita 318,000 na injini haijawahi kufunguliwa: pima kwanza, spea baadaye

SpanaKumi (mwanzisha uzi), Morogoro

Wakuu, habari za jioni.

Jana asubuhi nikitoka Mikese kuelekea Chalinze, dashibodi ya Premio yangu ilisoma 318,000. Niliegesha pembeni, nikapiga picha, nikaendelea na safari. Nimekuwa nikiulizwa faraghani na wengi humu kuhusu gari hii, kwa hiyo naandika mara moja ili wote tusome.

Gari ni NZT240, injini 1NZ-FE, sisi (cc) 1,497, gia otomatiki. Niliinunua 2012 kwa mtu hapa hapa Morogoro ikiwa na 121,000. Injini hiyo ndiyo iliyomo kwenye Spacio, Raum, Fielder, Probox na IST zenye sisi 1,500, hivyo wengi mtajikuta humu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, sijasomea ufundi. Nilijifunza kwa fundi mmoja mzee wa Kihonda aliyenivumilia na maswali yangu Jumamosi hadi Jumamosi. Nyumbani nina boksi la spana, multimita, stendi mbili za chuma na tochi ya kichwani.

Magari ya rika la hii nimeyaona mengi yakifia gereji. Karibu yote yalifuata njia mbili: ama yalichemsha na mwenyewe akalazimisha kufika, ama yalibadilishwa spea kwa kubahatisha mpaka mwenyewe akaishiwa hela na gari ikabaki na ugonjwa uleule. Nitaeleza yote mawili kwa yaliyonipata mimi.

Mwaka 2016 tulikuwa tunapanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa, mimi, mke wangu na watoto wawili. Mbele yetu malori matatu yenye mzigo, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Sindano ya joto, ambayo kwa miaka minne haikuwahi kusogea kutoka pale karibu na katikati, ikaanza kupanda. Nilizima AC, nikafungua hita hadi mwisho na vioo vyote chini, maana hita nayo ni rejeta ndogo, inachota joto kutoka kwenye injini. Watoto walilalamika, lakini sindano ilisimama, kisha ikashuka kidogo. Nilipopata pa kuegesha nikazima gari. Mfuniko wa rejeta sikuugusa kwa karibu saa nzima. Maji ya ndani yako kwenye mgandamizo na yamepita nyuzi 100. Ukifungua yakiwa ya moto yanakurukia usoni.

Gereji ya kwanza niliyopita baada ya hapo waliniambia temosteti (ile vali inayozuia au kuruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta) itolewe kabisa, "nchi yetu ina joto, hiyo ni ya Wajapani". Wakuu, ushauri huu umeenea sana na unaumiza magari. Temosteti haipo kwa ajili ya baridi ya Japani. Inaifanya injini ifike joto lake la kazi na ikae hapo. Ukiitoa, sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi, kompyuta inaongeza mafuta, unakunywa petroli nyingi, na oili inachafuka mapema. Na kama chanzo kilikuwa kingine, kitabaki palepale.

Nilikaa na daftari langu nikajiuliza gari ilipanda joto lini hasa. Morogoro hadi Mikumi, mwendo wa 80, sindano imetulia. Kwenye foleni ya malori, inapanda. Hiyo ni alama kubwa. Gari ikikimbia, upepo wa barabarani unapoza rejeta wenyewe. Ikienda taratibu inategemea feni. Kwa hiyo ikichemsha taratibu tu, anza na feni. Ikichemsha kwenye mwendo mkali, angalia rejeta iliyoziba, maji yaliyopungua au wota pampu.

Niliwasha injini, nikawasha AC. Feni ilitakiwa izunguke, haikuzunguka. Nikapima umeme kwenye soketi yake, upo. Nikagonga mota kidogo kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka. Kaboni zimeisha ndani ya mota. Nilipata mota iliyotumika Ilala, Shauri Moyo, nikaifunga mwenyewe kwa saa moja na nusu. Temosteti ninayo hadi leo, nimebadilisha moja tu kwa sababu ya umri.

Naendelea chini, nguvu za kuandika bado zipo.


Mchonga_Dom, Dodoma

Mkuu asante sana. Mimi niko huku Dodoma, nina Spacio. Swali: nikiweka maji ya kisima badala ya kulanti kuna shida gani? Fundi wangu anasema maji ni maji.


SpanaKumi (mwanzisha uzi)

Mkuu Mchonga, kwa 1NZ hapo usifanye mchezo. Bloku na hedi zote mbili ni aluminiamu. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na ulaji wa metali, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima ya maeneo yenu yana chumvi na chokaa. Chokaa inaganda ndani ya mirija ya rejeta kama ile inayoganda kwenye birika lako la chai. Ivunje birika la miaka mitano uone unene wa ile kitu, halafu fikiria mirija ya rejeta ilivyo myembamba.

Ukikwama njiani weka maji yoyote safi ufike. Ukifika, mwaga yote, suuza, weka kulanti yenyewe. Kama ni ile ya kuchanganya, tumia maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri (si asidi ya betri) au ya mvua yaliyokingwa safi. Usichanganye rangi mbili kwa kubahatisha.

Na ubadilishe mfuniko wa rejeta, watu wanausahau. Mpira wake ukikakamaa hauzuii mgandamizo tena, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye kopo la akiba. Nunua wenye namba ileile iliyoandikwa juu ya ule wa zamani.


SpanaKumi (mwanzisha uzi)

Sasa la pili, kubahatisha.

Mwaka 2019 gari ilianza kutetemeka ikiwa imesimama kwenye taa, na kwenye mlima inakosa nguvu. Taa ya injini ikawaka. Nilipeleka gereji moja kubwa kwa sababu shuleni tulikuwa na mitihani na sikuwa na muda. Wakaosha throtu, wakabadilisha plagi, wakabadilisha pampu ya mafuta, wakaosha nozeli. Ikatetemeka vilevile. Siku ya nne nikaambiwa injini imechoka, nitafute nyingine, milioni moja na nusu pamoja na kufunga. Nilihisi vibaya sana, si kwa hela tu. Gari hii ndiyo iliyompeleka mke wangu hospitali usiku wa kujifungua mtoto wetu wa mwisho. Niliirudisha nyumbani ikitetemeka hivyohivyo.

Jumamosi yule mzee wa Kihonda alikuja. Hakuja na spea hata moja. Injini ikiwa inaunguruma taratibu alichomoa soketi ya koili ya kwanza (koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa cheche, kila silinda na yake). Injini ikayumba zaidi. Akarudisha. Ya pili, ikayumba. Ya tatu: hakuna kilichobadilika. Akanitazama. Silinda ambayo ukiinyima umeme injini haijali, ndiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo.

Hakusema "koili" bado. Alizima gari, akafungua bolti ya namba 10, akahamisha koili ya tatu kwenda silinda ya pili na ya pili kuileta ya tatu. Akawasha, akarudia kuchomoa. Ugonjwa ulikuwa umehamia silinda ya pili. Hapo ndipo akasema: koili. Ungebaki silinda ya tatu, tungeangalia plagi, kisha nozeli, kisha tungepima kompresheni. Nilinunua koili iliyotumika kwa 35,000 na gari ikatulia saa hiyohiyo. Leo ni kilomita zaidi ya laki moja tangu niambiwe injini imekufa.

Tangu siku ile nina sheria moja: sinunui spea kabla kipimo hakijanionyesha kwamba ndiyo mbovu. Kuhamisha kitu kutoka silinda moja kwenda nyingine ni kipimo, na hakigharimu hata shilingi.

Ukifanya zoezi hili usiache koili imechomolewa muda mrefu injini ikiwaka. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalaiti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Sekunde chache zinatosha. Na shika soketi kwa plastiki yake, mikono mikavu.


Dereva_Kimya, Dar es Salaam

Hii ya kuhamisha koili nimeijaribu mwaka jana kwenye IST, inafanya kazi. Ila mkuu, siku hizi si kuna vile vifaa vidogo vya kuchomeka chini ya usukani vinasoma kodi za hitilafu kwenye simu? P0301 hadi P0304 zinakuambia silinda moja kwa moja.


SpanaKumi (mwanzisha uzi)

Ndiyo mkuu, kama gari yako inaongea nacho. Magari mengi ya soko la Japani ya mwanzoni mwa 2000 hayaongei na vile vya bei rahisi. Changu kilikataa. Kikikubali, chukua kodi kama mahali pa kuanzia kutafuta. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi, haisemi sensa gani imekufa. Watu wanabadilisha sensa ya oksijeni kumbe kuna hozipaipu ya hewa imepasuka nyuma ya intake, kitu cha kuonekana kwa tochi.


NeemaRaum, Mwanza

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma uzi wote, nimejifunza mengi. Mimi nina Raum, kilomita 214,000, niliachiwa na marehemu baba kwa hiyo nataka idumu. Nina maswali mawili. Oili naongeza kila mara, je injini inakufa? Na gia boksi haijawahi kubadilishwa oili, wengine wananiambia nikiibadilisha sasa gia zitaanza kuteleza.


SpanaKumi (mwanzisha uzi)

Dada Neema, pole kwa msiba wa mzee. Tutakusaidia idumu.

Oili kwanza. "Kila mara" ni kiasi gani? Hapa daftari linakuwa dawa. Egesha mahali tambarare, asubuhi kabla ya kuwasha, futa dipstiki, pima, andika kilomita. Rudia kila ukijaza mafuta. Kama unaongeza nusu lita ndani ya kilomita 5,000, kwa umri huo usihuzunike. Yangu iko hapo. Kama ni lita nzima kila 1,000, kuna tatizo la kweli, lakini bado usikimbilie pistoni. Angalia uvujaji kwanza: gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), sili ya mbele ya krenki, swichi ya oili. Tandika boksi chini ya injini usiku, asubuhi soma madoa. Kisha badilisha vali ya PCV, kitu kidogo juu ya tapeti kava kinachotoa hewa ya ndani ya injini. Ikiziba, mgandamizo wa ndani ya injini unaisukuma oili itoke kwenye sili. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha tu halafu ukaisha, mara nyingi ni sili za vali.

Jambo lingine: 1NZ inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Gereji nyingi zinamimina galoni ya lita 4 yote kwa sababu imeshafunguliwa. Ikizidi sana krenki inaipiga oili hadi inatoa povu, na povu halilainishi. Mimina lita tatu na nusu, washa dakika moja, zima, subiri, pima, ongeza kidogo kidogo. Mimi natumia 5W-30 na nabadilisha kila 5,000, bila kuvuka. Injini hii ina cheni, haina belti ya taimingi, na cheni inaishi kwa oili safi. Ukisikia mlio wa kukwaruza sekunde moja mbili asubuhi, cheni au tenshona yake inaanza kulalamika.

Kuhusu gia boksi, nitakuambia nilichofanya mimi na kwa nini. Yangu inatumia oili ya Type T-IV. Nilipofika 190,000 nilitoa tone kwenye dipstiki yake nikalipaka kwenye karatasi nyeupe. Rangi ya kahawia, lakini haikunuka kuungua wala haikuwa na chenga. Nikafungua nati ya chini, zikatoka kama lita tatu, sehemu ya oili yote iliyomo, kwa sababu nyingine hubaki kwenye toki konvata, kile kiungo kati ya injini na gia boksi. Nikapima kwa chupa kilichotoka na kurudisha kiasi kilekile. Nikaendesha wiki mbili, nikarudia, kisha mara ya tatu. Kiwango nakipima ikiwa ya moto, injini inawaka, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Mabadiliko yalikuwa laini na hakuna kilichoteleza.

Wale wanaosema gia huteleza baada ya kubadilisha oili, wengi walipeleka gari ambayo tayari ilikuwa inateleza. Kwa hiyo nusa kwanza. Kama inanuka kuungua na ina chenga nyeusi, usiiguse peke yako, mwone fundi wa gia boksi.


FundiTemeke, Dar es Salaam

Nimefanya kazi hii miaka 22. Mwalimu ameeleza vizuri na nampongeza, maana mteja anayejua kupima ananirahisishia kazi. Naomba niongeze kwa wanaojifunza.

Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Nimemzika kijana wa gereji jirani kwa jambo hilo. Weka stendi, weka jiwe au gogo kwenye matairi yaliyo chini, vuta hendibreki, tikisa gari kwa nguvu kabla ya kuingiza hata mkono.

Plagi fungueni injini ikiwa ya baridi. Hedi ni aluminiamu, uzi wake ni laini. Anza kwa vidole mpaka iingie yenyewe mizunguko kadhaa, ndipo ulete spana. Ukianza na spana ikaingia upande, umeharibu hedi.

Breki ndiyo sehemu nayoogopa zaidi. Kukagua, kagueni kila wakati: pedi ikibaki milimita tatu badilisha, usisubiri mlio wa chuma. Nyuma kwenye ngoma fungueni, safisheni vumbi kwa maji ya sabuni, msipulize kwa mdomo. Oili ya breki, DOT 3, inanyonya unyevu wa hewa. Kila miaka miwili itoke. Lakini mara ya kwanza kubadilisha pedi au kutoa hewa, awepo mtu anayejua. Ukikosea koili gari inatetemeka. Ukikosea breki hapo Kitonga mnakoshuka, hakuna nafasi ya pili. Na kwenye kushuka tumieni gia ya 2 au L, breki ziguseni kwa vipindi. Msiishike pedali kilomita zote, oili ya breki yenye maji inachemka na pedali inazama hadi chini.


SpanaKumi (mwanzisha uzi)

Fundi, shikamoo. Asante kwa kuandika hili. Pole kwa kijana huyo.


FundiTemeke

Marahaba mwalimu. Endelea.


Mwana_wa_Likoni, Mombasa

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Mie nina Probox, kazi yake ni kubeba samaki na barafu, na kila siku iko kwenye hewa ya bahari. Huku kwetu injini si adui sana, adui ni kutu. Mwaka juzi nilitia jeki chini ya mlango, jeki ikaingia ndani ya bati kama kidole kwenye papai bovu. Bati lilikuwa limeoza kutoka ndani, nje rangi nzuri kabisa.

Nikajifunza hivi. Chini ya milango na kwenye bati za pembeni kuna vitundu vya kutolea maji. Vikiziba kwa udongo, maji yanakaa mle. Navizibua kwa waya kila mwezi. Naosha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba kila wiki, hasa ndani ya matao ya matairi. Kagua pia mabomba ya breki ya chuma yanayopita chini. Ukiona yamevimba kutu, usingoje. Na kuna watu hupaka oili chafu chini ya gari. Mie siipendi, inalainisha bushi za mpira na inachuruzika ardhini hadi visimani.

Kitu kingine, waya wa athi unaotoka betri kwenda bodi. Chumvi huula. Gari ilikataa kuwaka nikanunua betri mpya, kisha stata, kumbe ni ule waya.


SpanaKumi (mwanzisha uzi)

Ndugu wa Likoni, hiyo ya athi ni mfano mzuri sana. Multimita ingekuonyesha kwa dakika mbili. Betri iliyopumzika usiku inatakiwa isome kama 12.6. Injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4 hivi; chini ya hapo angalia alternata na belti. Kupima athi, weka waya mmoja wa multimita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Safisha kwa msasa, kaza, pima tena.


NeemaRaum

Kaka SpanaKumi, nimerudi. Nimenunua daftari na multimita. Tumetandika boksi usiku mbili, doa liko upande wa tapeti kava, limechuruzika nyuma ya injini. Mdogo wangu amefungua koili aangalie, kwenye tundu la plagi la kwanza kuna oili imesimama. Na kweli asubuhi huwa inatetemeka kidogo, nilidhani ni baridi ya ziwa.


SpanaKumi (mwanzisha uzi)

Safi sana dada, umeshapata sehemu kubwa ya jibu. Usifungue plagi hiyo bado, oili na mchanga wa pembeni vitaanguka ndani ya silinda. Ikaushe kwanza kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi ndefu, au inyonye kwa bomba la sindano lenye mrija, kisha puliza kwa hewa ya kompresa kama mnayo jirani. Ndipo utoe plagi. Futa koili yake vizuri na uangalie mpira wa chini kama umevimba au kupasuka. Oili huulainisha na cheche zinatorokea pembeni. Gasketi ya tapeti kava nunua seti nzima. Bolti zake kaza kidogo kidogo kwa kupishana, kuanzia katikati kwenda nje, bila nguvu nyingi, maana ukikaza sana gasketi inaminyika na kuvuja tena ndani ya mwezi. Ukishafunga, tandika boksi lilelile usiku na utuletee jibu la asubuhi.